Kutoka Tuzo hadi Tiketi: Nani Hulipia Wimbo?

Kiswahili kina maneno yasiyopungua manne ya kutaja malipo yanayomfikia mwimbaji au yanayotolewa ili asikilizwe: tuzo, ada, kiingilio na tiketi. Kila moja lina utaratibu wake wa kugharimia burudani. Msomaji anayetaka kufahamu kwa nini onyesho la muziki limekuwa ghali siku hizi atapata msaada mkubwa akianza na maneno hayo kabla ya kuanza na bei.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila mwaka nilisimama mbele ya wanafunzi na kuwaeleza kwamba wimbo ni fasihi simulizi, na kwamba fasihi simulizi hukamilika pale fanani anapokutana na hadhira ana kwa ana. Wakaliandika hilo katika madaftari yao na wakalijibu katika mitihani. Swali ambalo mtaala haukuwahi kuuliza ni nani anayelipa ili makutano hayo yawepo, na nani anayebaki nje kwa kukosa cha kulipa. Swali hilo ndilo nitakalolifuatilia hapa.

Tuzo na ada

Tuzo linatokana na kitenzi kutuza. Pwani ya Afrika Mashariki, katika ngoma na katika taarabu ya harusini, mwenye shughuli ndiye aliyebeba gharama: yeye aliwaita waimbaji, akawalisha na kuwapa ujira waliokubaliana. Waalikwa hawakulipa mlangoni. Hata hivyo, walitarajiwa kutuza, yaani kuinuka, kumwendea mwimbaji na kumpa chochote walichojaaliwa.

Kutuza huko kulikuwa na maana kubwa kuliko fedha zenyewe. Mtu hainuki ovyo. Husubiri ubeti unaomgusa, au unaomgusa jirani yake, kisha huenda mbele taratibu ili watu wote wamwone. Kwa kitendo hicho anauambia ukumbi: maneno haya ni yangu, na anayehusika amekwisha kujijua. Waliohudhuria mashindano ya mipasho ya miaka ya 1990, wakati vikundi kama TOT na Muungano viliposhindana jukwaani, wanakumbuka jinsi foleni ya watuzaji ilivyoonyesha ni mshororo upi uliochoma. Mimi huona kwamba tuzo lilikuwa uhakiki wa fasihi unaofanywa kwa miguu na kwa noti. Mtunzi alijua papo hapo ubeti upi umefika na upi umepita hewani.

Neno ada nalo lina historia ya kupendeza. Katika Kiarabu lilikotoka ni mazoea au desturi. Kiswahili kililipokea kwa maana hiyo, kisha kikalipanua likawa pia malipo yatolewayo kwa mujibu wa desturi: ada ya mganga, ada ya somo, ada ya chama. Upanuzi huo unatufundisha kwamba kwa wazee wetu malipo yalikuwa sehemu ya mwenendo mwema. Ada haikupandishwa usiku kwa sababu watu wameonekana kuwa wengi.

Ikulu, chama na nyumba ya Siti

Tukitazama historia ya taarabu ya Unguja, tunakuta jibu la swali letu likibadilika mara tatu katika muda mfupi. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim huko Cairo akajifunze kupiga ganuni. Wakati huo mlipaji alikuwa mtawala, na hadhira ilikuwa ya jumba la mtawala. Muziki ulikuwa bure kwa msikilizaji, lakini msikilizaji mwenyewe alichaguliwa.

Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingali hai. Hapo gharama ziliingia mikononi mwa wanachama. Walichanga na wakafanya mazoezi wao wenyewe. Utaratibu wa namna hiyo haukuwa mgeni pwani, kwani vyama vya beni kama Marini na Arinoti, vilivyoenea bara hadi Tanganyika, navyo viliendeshwa na wanachama kwa mifuko yao, na mashindano yao yaliwagharimu fedha nyingi. Katika mfumo wa chama, mpigaji na mlipaji huwa watu wa kundi moja.

Kisha akaja Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika ukoo wa wafinyanzi, na aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Shaaban Robert ameandika wasifu wake, na kitabu hicho kinastahili kusomwa na kila mpenzi wa lugha. Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti ya Kiswahili ikasikika katika nyumba ambazo hazingeweza kumwalika yeye mwenyewe. Aliimba katika majumba ya wakubwa, na vilevile watu wa Ng'ambo walikusanyika kumsikiliza. Matajiri walilipa zaidi na wanyonge walipata wimbo uleule. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya nyimbo zake kubeba habari za mahakamani, dhuluma na maisha ya mitaani: hadhira yake ilikuwa na watu ambao mambo hayo yaliwahusu.

Kiingilio

Neno la tatu lilikua pamoja na miji. Kiingilio hutokana na kuingia, kupitia kauli ya kutendea: ni kile ambacho kwacho mtu huingilia mahali. Kwa neno hili mlango unatokea kwa mara ya kwanza katika historia yetu, na mlangoni yupo mtu aliyesimama. Mwenye shughuli ametoweka, na wageni wamegeuka wateja.

Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944. Bendi za dansi zilipiga katika kumbi, na watu wakalipa kuingia. Baada ya uhuru dola na mashirika yake yaliingia kati. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na ikabadili jina kila chama hicho kilipobadilika: JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mwanamuziki wa bendi ya namna hiyo alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mlimani Park iliundwa mwaka 1978, na baadaye ikawa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC.

Kizazi changu kilikulia humo. Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu mapema katika miaka ya 1980, nchi ilikuwa na upungufu wa sabuni, sukari na nguo, lakini dansi halikuadimika. Posho yetu ilikuwa ndogo, na bado tuliweza kuingia ukumbini pamoja na makarani, madereva, wauguzi na wapagazi wa sokoni. Tulisikiliza nyimbo ndefu zenye visa kamili, tukarudi bwenini tukibishana juu ya maana ya fumbo fulani hadi alfajiri. Niseme kweli kwamba sehemu kubwa ya nilichokifundisha baadaye kuhusu tamathali za usemi nilikionja kwanza katika ukumbi wa dansi.

Urahisi huo haukutokana na ukarimu peke yake. Bendi zilipiga siku kadhaa kwa juma, kwa hiyo kiingilio kidogo kikirudiwa mara nyingi kilifanya jumla. Mara nyingi mwenye baa alichukua faida ya vinywaji na kuiachia bendi fedha za mlangoni. Aidha vyombo, gari na mishahara ya baadhi ya bendi vilibebwa na shirika. Msikilizaji hakuiona gharama hiyo, lakini ilikuwepo na ililipwa.

Jambo jingine halipaswi kusahauliwa. Wanamuziki wa Tanzania hawakuwahi kuishi kwa santuri. Nyimbo zao zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kuchezwa hewani nchi nzima, lakini santuri zilitengenezwa Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Zilipokuja kanda za kaseti, watu walizinakili mitaani bila mtunzi kupata senti. Kwa hiyo kiingilio ndicho kilichokuwa mshahara, kodi ya nyumba na ada ya shule ya watoto.

Yaliyotokea ng'ambo

Nchi zilizokuwa na biashara kubwa ya santuri zilichelewa kuyaona hayo. Si kwamba tiketi ghali ni jambo jipya kwao. Mwaka 1850 mwimbaji wa Uswidi, Jenny Lind, alipokwenda Marekani, mwandalizi wake P. T. Barnum alinadi tiketi za onyesho la kwanza la New York kama wanavyonadi ng'ombe mnadani, na ya kwanza ilinunuliwa na mfanyabiashara wa kofia kwa dola 225. Fedha hizo zilikuwa nyingi mno kwa wakati huo, na mnunuzi alipata matangazo ya duka lake. Hivyo dhana ya kulipia kuonekana, zaidi ya kulipia kusikiliza, ina umri wa zaidi ya karne moja na nusu.

Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ziara za muziki zilisaidia kuuza santuri, na bei ya kuingia ilizuiwa isipande sana. Mwaka 1999 ilikuja programu ya Napster iliyowawezesha watu kugawiana nyimbo kupitia intaneti bila malipo, na ukuta ukaanza kuanguka. Mwaka 2002 David Bowie alitabiri kwamba muziki uliorekodiwa utapatikana kama maji ya bomba, na akawaonya wenzake wajiandae kuishi kwa maonyesho. Mwanauchumi Alan Krueger na mwenzake walipokokotoa bei za Marekani, waliona kwamba kati ya 1996 na 2003 wastani wa bei ya tiketi uliongezeka kwa asilimia 82, ilhali bei za bidhaa kwa ujumla ziliongezeka kwa asilimia 17 tu. Alichokitabiri Bowie kilikuwa kimekwisha kuwa maisha ya kila siku ya mpiga gitaa wa Kariakoo tangu miaka ya 1970.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi. Mwaka 1966 William Baumol na William Bowen walichapisha kitabu kuhusu uchumi wa sanaa za maonyesho. Hoja yao inaweza kuelezwa hivi: kiwanda cha viatu hupata mashine, na mfanyakazi mmoja akatengeneza jozi nyingi kuliko babu yake. Lakini wapigaji wanne wa fidla wanaopiga utungo wa Beethoven wanahitaji watu walewale wanne na dakika zilezile zilizohitajika enzi za Beethoven mwenyewe. Mishahara ya nchi inapopanda kwa sababu ya mashine, wapigaji nao wanahitaji kula, na gharama ya onyesho hupanda bila kuwepo ufanisi wa kuipunguza.

Sababu ya tatu ni soko. Mwaka 2010 kampuni ya kuandaa maonyesho ya Live Nation iliungana na kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster, na mwezi Mei 2024 serikali ya Marekani ilifungua mashtaka ikidai kwamba muungano huo umehodhi soko. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, wapenzi wa kundi la Oasis nchini Uingereza walikaa saa nyingi kwenye foleni za mtandaoni, kisha baadhi yao wakakuta bei ya tiketi imezidi mara mbili wakati wakisubiri, kwa sababu iliachwa ipande kulingana na wingi wa wateja. Mtanzania wa umri wangu ana neno la jambo hilo. Mwaka 1983, katika kampeni ya Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, tuliwaita walanguzi wale waliokusanya bidhaa adimu na kuziuza kwa bei ya kukomoa. Tofauti iliyopo ni kwamba zamani mlanguzi alijificha nyuma ya duka, na sasa anaweza kuwa mwenye duka.

Tiketi kwetu leo

Neno la nne, tiketi, tulilikopa kutoka Kiingereza. Tulilizoea kwanza katika safari na mpira, kisha likahamia katika muziki likija na madaraja yake. Matangazo ya maonyesho makubwa ya Dar es Salaam au Nairobi hutaja bei ya kawaida, bei ya VIP, na bei ya meza nzima kwa watu kadhaa. Meza hununuliwa na kampuni au mtu mwenye uwezo, na hukaa mbele. Mwenye tiketi ya kawaida husimama nyuma, na mara nyingine humwona mwimbaji katika skrini.

Tusiwalaumu waandalizi bila kupima. Jukwaa, taa, vipaza sauti, ulinzi, vibali, kodi na jenereta vyote vina gharama, na hakuna tena shirika la umma linalobeba vyombo. Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004 katika Ngome Kongwe ya Unguja, na hutoza wenyeji kidogo kuliko wageni kutoka nje. Huo ni utaratibu wa busara kama jina lenyewe. Lakini hata tamasha hilo maarufu lilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Tiketi peke yake haikutosha kulibeba.

Hoja ya Baumol nayo imetufikia. Kikundi cha taarabu asilia chenye fidla, ganuni, udi, nai, akodioni na dufu kinahitaji watu wengi, na kila mmoja anahitaji nauli na chakula. Taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990 ilijibu tatizo hilo kwa kinanda cha umeme na wapigaji wachache. Katika muziki wa kizazi kipya waimbaji wengi hupanda jukwaani na muziki uliokwisha kurekodiwa, wakaimba juu yake. Hivyo msikilizaji analipa zaidi na anapata wapigaji wachache zaidi.

Mtunzi na baraza

Nimefika katika jambo linalonigusa zaidi kama mpenzi wa ushairi. Katika orodha yote ya gharama nilizozitaja, mtunzi wa maneno hayumo. Waswahili wana desturi ndefu ya mshairi kuandika na mwimbaji kuimba. Huko Mombasa, Mohamed Juma Bhalo aliimba tungo za Ahmad Nassir Juma Bhalo, na sifa za tungo zile zilisafiri kwa sauti ya mwimbaji. Katika mfumo wa tuzo mtunzi aliyekuwepo ukumbini alipata angalau kuona ubeti wake ukitenda kazi. Katika mfumo wa tiketi anaweza kukaa nyumbani kwake, asiweze kununua nafasi ya kwenda kuyasikia maneno yake mwenyewe. Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na kwa mujibu wake haki ya kazi kuonyeshwa hadharani ni ya mwenye kazi. Washairi wenzangu wengi wanatoa tungo zao kwa neno la mdomo na kikombe cha kahawa. Ushauri wangu ni mwepesi: andikishaneni, japo kwa karatasi moja yenye sahihi mbili, kabla wimbo haujatoka. Bei ya tiketi ikipanda, angalau sehemu yake ipande kumfuata aliyetunga.

La pili ni hadhira. Siti aliimba habari za Ng'ambo kwa sababu Ng'ambo ilikuwepo ikimsikiliza. Bendi za dansi ziliimba juu ya mshahara, nyumba ya kupanga na mke aliyeachwa kijijini kwa sababu waliolipa kiingilio walikuwa na mshahara mdogo, waliishi katika nyumba za kupanga, na wengine waliacha wake vijijini. Mtunzi humtungia anayemwona. Akikaa miaka mingi akiwaona walio mezani tu, maneno yake yataegemea huko polepole, wala hatajua siku yalipoegemea.

La tatu ni wanafunzi. Tunawafundisha fasihi simulizi kwa kalamu na ubao. Wengi humaliza kidato cha sita bila kuisikia ganuni kwa masikio yao. Vikundi vingi hufanya mazoezi au hupima vyombo mchana wa siku ya onyesho. Shule ikiomba mapema, darasa moja linaweza kukaa ukumbini saa moja kwa malipo kidogo au bila malipo, na mwandalizi hapotezi kiti hata kimoja cha usiku. Nimepata kuliomba jambo hilo nilipokuwa kazini na nikakubaliwa zaidi ya mara moja. Walimu walioko kazini walijaribu, kwa kuwa kinachohitajika ni barua na nauli.

Muziki haujawahi kuwa bure. Alilipa sultani, wakalipa wanachama, akalipa mwenye harusi, likalipa shirika, na leo anatakiwa kulipa msikilizaji karibu peke yake. Kila jamii huchagua namna ya kuugawa mzigo huo, na uchaguzi huo huamua nani atakuwemo ndani wimbo unapozaliwa. Kwa desturi yetu, niliyosema kwa nathari nayaweka pia katika ubeti:

Mlango uwe mlango, bei isiwe ukuta,
Mwenye kutunga utungo, jasho lake kulipata,
Masikini na mchango, asikose pa kupita,
Wimbo ukiwa wa meza, baraza litasikiza?